Super VC10 Iliyogoma Kushusha Pua

Baba mkwe wangu alikuwa fundi wa ndege pale Embakasi, Nairobi, enzi za East African Airways, shirika la ndege la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania. Usimwite mstaafu. Atakwambia yeye hakustaafu, lililostaafu ni shirika, mwaka 1977, likamrudisha Dar es Salaam na sanduku la spana ambalo mpaka leo hakuna anayeruhusiwa kulisogeza, hata kwa kufagia.

Alipokaribia kutimiza miaka 80, watoto wake walikubaliana kumpa zawadi ya ndege aliyoipenda kuliko zote: Super VC10, ya plastiki, ya kuunganisha mwenyewe. Ndugu mmoja akaleta boksi kutoka Uingereza. Ikabaki swali la nani ataiunganisha. Kikao cha familia kilichukua muda mfupi sana, kwa sababu mkwe hana haki ya kukataa.

Kwa asiyeijua ndege hiyo: shirika lilianza kuzipokea mwaka 1966, na injini zake nne za Rolls-Royce Conway zote zimebanwa nyuma, mbili kila upande, chini ya mkia mrefu wenye umbo la T. Ukiipunguza mara 144 unapata kitu cha sentimita 36 hivi, kizuri ajabu, ila uzito wote uko matakoni. Ndege halisi ilipigiwa hesabu na wahandisi. Ya plastiki ina pua tupu, kwa hiyo usipoijaza kitu kizito kabla ya kufunga kiwiliwili, mguu wa mbele hautagusa meza maisha yake yote. Karatasi ya maelezo ilisema hivyo, kwa mchoro kabisa.

Nikaenda Feri, soko la samaki, kununua chubwi. Muuzaji akaniuliza navua nini. Nikamwambia ndege. Akanitazama, akaongeza kipande cha mshipi bure.

Sitawachosha na habari za kuunganisha. Vipande nilivikata kwenye fremu kwa kikata kucha cha mke wangu, nikapiga msasa, nikaziba maungio kwa puti ya fundi wa magari, nikapaka rangi. Kazi iliyonitoa jasho ni stika za maji. Unailoweka kwenye maji ya vuguvugu, inalegea, unaitelezesha kutoka kwenye karatasi yake hadi ubavuni mwa ndege huku umezuia pumzi. Msitari wa madirisha ukijikunja, umekwisha. Ubavuni nikaweka namba ya usajili, 5H-MMT, maana 5H ndiyo ya Tanzania. Za Uganda zilianza na 5X na za Kenya 5Y. Chubwi niliibana puani kwa supa gluu. Ikasimama kwa miguu yote mitatu. Nikaipigia saluti, nikiwa peke yangu.

Siku ya sherehe umeme ulikatika tangu asubuhi. Sebule imejaa, watu wanajipepea kwa khanga na kadi za mwaliko. Kabla ya hotuba, mjukuu mmoja akaichukua zawadi, akairusha kwa mdomo, "vuuuu," mzunguko mzima wa sebule, akaitua juu ya kabati kwa kishindo. Nikasikia *tik*. Nikajiambia ni kabati.

Mzee akaipokea kwa mikono miwili. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasoma ubavuni: 5H-MMT. Sebule nzima ikanyamaza. Akatusimulia jinsi zile VC10 zilivyorudi Uingereza shirika lilipovunjika, jeshi la anga la huko likazigeuza matangi ya kujazia ndege nyingine mafuta angani, na kwamba hii hii 5H-MMT, wakati huo ikiitwa ZA147, ndiyo iliyoruka safari ya mwisho kabisa ya VC10 duniani, Septemba 25, 2013. "Waliibadilisha jina," akasema, "lakini mtoto ni wetu." Shangazi wawili wakalia.

Akaiweka mezani. Pua ikaanza kupanda polepole, kwa heshima zote, mpaka ndege ikakaa kitako kama mbwa anayesubiri mfupa.

"Inapaa!" akapiga kelele mgeni mmoja, na watu wakapiga makofi.

Mzee hakupiga. Aliinyanyua, akaitikisa karibu na sikio. *Kotokoto, kotokoto.*

"Humu ndani," akasema taratibu, "kuna spana imesahaulika."

"Baba, ni chubwi."

"Nani aliikagua hii ndege?"

"Mimi, Baba."

"Na aliyeiunganisha?"

"Mimi pia, Baba."

Akanitazama kwa namna ambayo hakunitazama hata siku ya posa.

Shemeji yangu, kwa nia njema, akapendekeza tuegemeze mkia kwa kijiti cha meno. Mzee akamgeukia. "Hiyo ni dawa ya Warusi! Ilyushin 62 ndiyo ilikuwa na kimguu cha kushikilia mkia ikiwa chini. Hii ni VC10, mwanangu. Leteni kisu."

Kisu kilichokuwepo ni cha keki. Akaipasua kwenye maungio yangu, puti ikimwagika juu ya kitambaa cha meza.

"Mzee, pilau linapoa," akasema mama mkwe.

"Ndege iko kwenye matengenezo."

Akaagiza mishumaa ya keki, akaiwasha yote, akayeyushia nta puani, akazamisha chubwi. Kisha akauliza kama zimebaki nyingine. Zilikuwepo mbili kwenye gari. Akazitia zote. Akaifunga kwa selotepu, akaisimamisha, akarudi hatua moja, mikono kiunoni.

Mguu wa mbele ukakunjika. Ndege iliyokuwa imekaa kitako sasa ikasujudu.

Hakuna aliyethubutu kucheka, isipokuwa mjukuu.

"Ndege haikuumbwa ikae mezani," mzee akaamua. "Ifungeni juu." Ule mshipi wa bure ukapata kazi. Shemeji akapanda kiti, akaining'iniza kwenye feni. Na kweli, ilipendeza! Ikatulia sawasawa, mabawa yamenyooka, watu wakatoa simu, mzee akasimama chini yake akapigwa picha akiwa ameinua kidevu.

Umeme ukarudi.

Sebule nzima ikashangilia, kama ilivyo desturi, na shangwe hiyo ikageuka mayowe njiani. Feni ilikuwa imeachwa kwenye namba tano. Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa fahari. Wa pili nikaona selotepu. Baada ya hapo bawa moja likatokea dirishani, mkia ukampata shemeji, na kiwiliwili kikatua kwenye bakuli la kachumbari. Chubwi moja haikuonekana mpaka mjomba alipoikuta kwenye pilau, kwa jino.

Mzee akasogea mezani. Akaitoa ndege kwenye kachumbari, akachomoa kipande cha kitunguu kwenye injini, akatugeukia.

"Lakini mmeona wenyewe," akasema. "Kule juu haikuinua pua hata mara moja."