Leseni ya daktari na ya mhandisi: nani humpatia kijana msimamizi?

Mtoto wa Lamu, pwani ya Kenya, akipata alama nzuri za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, wazee wake huanza kupima kati ya udaktari na uhandisi, na mara nyingi udaktari huachwa kwa sababu masomo yake, wasemavyo, hayaishi. Mimi naona hofu hiyo imeelekezwa pasipo pake. Chuo kikuu udaktari huchukua miaka sita na uhandisi mitano. Kazi hizi zinaachana hasa baada ya mahafali, kijana anapoitafuta leseni.

Mhitimu wa udaktari hupangiwa na Wizara ya Afya hospitali ya kufanyia uanagenzi wa mwaka mmoja. Huko huzungushwa katika wadi za magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi, na kila anakopita daktari bingwa hutia sahihi kitabuni kwamba kazi fulani ameifanya kwa mkono wake, ndipo Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno limsajili. Matabibu wa diploma nao hufanya mwaka wa namna hiyo baada ya miaka mitatu ya masomo. Njia hii si laini: mwaka 2024 madaktari wa umma waligoma tangu katikati ya Machi hadi mapema Mei, na suala la wanagenzi lilikuwa miongoni mwa madai makuu. Hata hivyo, walijua wa kumdai ni nani: serikali.

Mhandisi je? Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 inamtaka mwenye digrii inayotambuliwa na Bodi ya Wahandisi ajisajili kwanza kama mhandisi mhitimu, afanye kazi kwa vitendo kwa miaka isiyopungua mitatu, kisha apimwe na Bodi kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Mitano na mitatu ni minane. Sita na mmoja ni saba. Anayeukimbia udaktari kwa urefu wake hajapiga hesabu vizuri. Tena miaka hiyo mitatu hapangiwi na mtu, bali huitafuta mwenyewe, na mara nyingi mwenye mjomba Nairobi huipata mapema.

Gati la kwanza la Bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, ng'ambo ya bahari tu kutoka mjini. Kijana wetu anaweza kuajiriwa katika mradi mkubwa kama ule, akashinda juani akihesabu nondo na kuandika vipimo vya zege. Lakini ikiwa aliye juu yake ni msimamizi wa vibarua tu, wala si mhandisi aliyesajiliwa anayeweza kuithibitisha kazi yake, atafika mbele ya Bodi akiwa na jasho jingi na ushahidi haba. Fundi wa majahazi wa Matondoni, kijiji cha Lamu, hakupimwa na bodi yoyote, ila hakukosa bwana wa kumfunza na kumkosoa.

Ndiyo maana naona mikataba ya ujenzi wa serikali ingetaja idadi ya wahandisi wahitimu wa kaunti husika watakaopokewa, pamoja na jina la mhandisi atakayewasimamia. Mkandarasi atalalamika kwamba ni gharama. Posho ya vijana wachache haiwezi kuuangusha mradi wa mabilioni, na mhandisi aliyesajiliwa anatakiwa awepo kazini kwa vyovyote vile.