Acheni msasa: rangi ya kofia ya vita ndiyo kofia yenyewe

Inauma kuona kofia za chuma za Waingereza za Vita Kuu ya Pili zinauzwa zikiwa zinang'aa kama sufuria mpya. Kofia ya mlinzi wa mtaa, iliyovaliwa London usiku wa mabomu mwaka 1940, imekaa darini miongo minane na rangi yake nyeusi na herufi W nyeupe mbele, ya neno Warden, yaani mlinzi. Kisha anatokea mtu na msasa na kopo la rangi ya kupuliza, na kwa saa moja kazi imekwisha. Anaita huko kukarabati. Huko ni kufuta, na kilichofutwa hakirudi.

Anayeanza kukusanya kofia hizi aelewe kwa nini. Kofia ya Mk II, yaani toleo la pili, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1938, umbo lake ni lilelile kwa askari wa mstari wa mbele, polisi, zimamoto, mwokoaji na mlinzi wa mtaa. Chuma peke yake hakikwambii aliyeivaa ni nani. Rangi ndiyo inayosema. W nyeupe juu ya nyeusi ni mlinzi wa kawaida. W nyeusi juu ya nyeupe ni mkubwa wake. R ni kikosi cha uokoaji, FAP ni huduma ya kwanza. Kofia za zimamoto ndizo zenye mengi zaidi ya kusimulia, kwa sababu AFS, kikosi cha wasaidizi wa zimamoto, kiliunganishwa na vikosi vingine kuwa NFS, zimamoto ya taifa, mwezi Agosti 1941, na kofia nyingi zikapakwa rangi upya juu ya ile ya zamani. Zima taa ya chumba, weka tochi ubavuni mwa kofia ili mwanga uteleze juu ya chuma: mara nyingi utaona kingo za herufi AFS zimeinuka kidogo chini ya rangi ya kijivu. Vikosi viwili katika kofia moja. Msasa ukipita mara tatu, vyote viwili vimekwenda.

Mwanga huohuo humfichua mwongo. Herufi ya kweli imekwaruzwa pamoja na rangi ya chini yake, na mikwaruzo inapita juu ya vyote viwili bila kukatika. Herufi iliyoandikwa juzi imejaza mikwaruzo ya zamani, na pengine imepita juu ya kutu. Rangi haiwezi kuwa ya 1940 ikiwa imelalia kutu ya miaka hamsini.

Ukishamaliza juu, igeuze. Chini ya ukingo, ubavuni, tafuta chapa ya kiwanda na mwaka: BMB ni Briggs Motor Bodies, RO&CO ni Rubery Owen. Bitana nayo huwa na chapa, saizi na mwaka wake. Tofauti ya mwaka mmoja au miwili kati ya chuma na bitana ni ya kawaida, na nakubali kwamba bitana nyingi zilibadilishwa vitani, kwa hiyo kutolingana peke yake si ushahidi wa ulaghai. Beba sumaku ndogo. Chuma cha manganizi cha kofia ya kijeshi hakiivuti, au huivuta kwa unyonge sana. Kofia ya raia ya chuma laini huing'ang'ania. Halafu angalia matundu. Kofia iliyoshindwa jaribio la risasi ilitobolewa ukingoni ili isipelekwe mstari wa mbele, ikapewa waliolinda raia nyumbani Uingereza. Lakini matundu matatu yaliyojipanga nyuma ni alama ya Afrika Kusini, ambayo jeshi lake lilipitia Kenya kwenda kupigana na Waitalia Abyssinia, Ethiopia ya leo. Anayeuza hiyo kama kofia ya mlinzi wa London amekosea, ajue asijue.

Ya kwanza kununua? Chukua ile aliyoibuni mwanasayansi Solly Zuckerman kwa ajili ya wakesha moto, yaani waliokesha wakilinda majengo yasiungue kwa mabomu: imeinuka utosini, na bitana yake imefungwa kwa kamba inayopita kwenye matundu pembeni. Ni halali kabisa, na ina mengi ya kufundisha. Kofia za askari wa miavuli ziache kwa miaka mingi. Zina umbo moja na za wapanda pikipiki na za wanajeshi wa vifaru, na mafundi wanaozigeuza hizo zionekane za miavuli ni hodari. Mk III ya mwaka 1944 itakuja baadaye.

Usafi ni huu tu: brashi laini na kavu, kisha nta nyembamba sana juu ya chuma. Kutu inayomenyuka vipande lazima izuiwe, hilo silibishi, lakini izuie pale ilipo tu, usitandaze dawa kofia nzima. Skrubu ya utosini inayoshika bitana ikigoma, iache. Ukilazimisha utachana bitana au utakata skrubu yenyewe, na mafuta ya kulainishia yakigusa mpira wa ndani huvimba na kuoza. Kumbuka pia kwamba rangi za wakati ule huweza kuwa na madini ya risasi yenye sumu, kwa hiyo vumbi la msasa si la kuvuta puani.

Kama kofia ilishasuguliwa na mwingine, ipake ukitaka, ila andika ndani kwa penseli kwamba rangi ni mpya na ni ya mwaka gani, na umwambie anayeinunua kabla hajatoa pesa. Usiitundike kwa ukanda wa kidevuni, maana ukanda wa zamani hukatika kwa uzito wa chuma. Usiifunge kwenye mfuko wa nailoni pia: unyevu ukinaswa humo, kutu huanzia chini ya rangi, mahali usipopaona.