Ndege za Mafia na manowari ya Rufiji: nani hasa aliyeizamisha Königsberg?

Kila Vita vya Kwanza vya Dunia vinapotajwa kwenye pwani yetu, hujitokeza wa kusema kwamba manowari ya Kijerumani Königsberg ilimalizwa na ndege. Hujitokeza pia wa kumjibu kwamba ndege zile zilikuwa mbao na kitambaa tu, na kwamba meli ilikuwa imeshachoka kabla rubani yeyote hajaiona. Mimi nawapa haki wote wawili, kila mmoja kwa sehemu yake.

Tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja, kisha ikajichimbia kwenye delta ya Rufiji, upande wa Salale. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kupita kwenye vina vifupi vya delta. Ukisimama baharini unaona mikoko, na nyuma ya mikoko mikoko mingine. Ndipo ikatafutwa ndege.

Ya kwanza ilikuwa ndege boti aina ya Curtiss iliyonunuliwa kutoka kwa mtu binafsi huko Durban, ikirushwa na Dennis Cutler kutoka kisiwa kidogo cha Niororo, karibu na Mafia. Rejeta yake, kifaa cha kupoza injini, ilipoharibika, ikatafutwa ya gari la Ford kutoka Mombasa. Kwa chombo hicho Cutler aliiona Königsberg mwezi Novemba 1914, na Desemba akaanguka mikononi mwa Wajerumani. Februari 1915 zikaja ndege mbili aina ya Sopwith za kutua majini, na hapa wenye shaka wanapata hoja yao nzito: joto na unyevu viliyeyusha gundi na kupinda mbao, na injini hazikuwa na nguvu ya kumnyanyua rubani pamoja na mwenzake na mabomu. Hakuna bomu la ndege lililoizamisha meli hiyo. Hilo halina ubishi.

Wenye shaka wana hoja ya pili. Kufikia Julai 1915 Königsberg ilikuwa imefungiwa tangu Novemba, haina makaa ya mawe ya kutosha, mabaharia wake wanaumwa homa, na wengine wamepelekwa kupigana nchi kavu. Meli iliyokuwa ikiiletea makaa, Rubens, ilinaswa mwezi Aprili kwenye ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Chombo kisichoweza kutoka, wanasema, hakihitaji ndege ya kukiua.

Lakini tazama tarehe 6 Julai na tarehe 11 Julai, kwa sababu siku hizi mbili ndizo mizani. Waingereza walileta monita mbili, Severn na Mersey, meli bapa zinazoelea kwenye maji haba, wakaziingiza kupitia Kikunja, mmoja wa milango ya delta. Zilifyatua mizinga kwa shabaha ambayo wapigaji hawakuiona, umbali wa karibu kilomita 10, huku ndege zilizoruka kutoka kiwanja kilichofyekwa Mafia zikiwatumia masahihisho ya shabaha kwa simu ya upepo. Siku ya kwanza meli zote mbili zilipiga kwa pamoja, na aliyekuwa juu hakujua kombora lipi ni la nani. Makombora zaidi ya 600 yakaenda, yaliyolenga yakawa machache mno, na Mersey ikapigwa vibaya. Siku ya pili zilipiga kwa zamu. Juu walikuwa John Cull na mwenzake Harwood Arnold. Ndege yao ikapigwa, injini ikafa, nao wakawa wanashuka. Hata hivyo Arnold aliendelea kutuma masahihisho hadi wakaangukia mtoni, wakaokolewa na watu wa Mersey. Severn ilikuwa imeshaipata shabaha. Kapteni Max Looff akaamuru meli yake ilipuliwe.

Mizinga ilikuwa ileile, mto uleule, meli iliyochoka vilevile. Kilichobadilika kati ya siku hizo mbili ni namna jicho la angani lilivyotumiwa. Kwa hiyo sikubaliani na anayesema ndege hazikuwa na maana. Siku tano zilitosha kuonesha kwamba ndege dhaifu yenye mtu makini na chombo cha kutumia habari inashinda ndege yenye mabomu isiyoweza kupaa.

Ninapoachana na washabiki wa ndege ni pale wanapoifanya hadithi ya marubani peke yao. Monita zisingeingia Kikunja bila kujua kina cha maji na saa za kupwa na kujaa. Habari hizo zilikusanywa na mwindaji P. J. Pretorius aliyezunguka delta kwa miguu na kwa mtumbwi, akiwa na wenyeji, na baadhi ya walioonesha njia walikamatwa kwanza. Majina yao hayatajwi penye jina la Cull. Hao nao ni sehemu ya historia ya urubani wa Afrika Mashariki, na nitaendelea kusema hivyo.

Tena ushindi wenyewe ulikuwa nusu. Mizinga 10 ya Königsberg iliokolewa ikapelekwa Dar es Salaam, ikawekewa magurudumu na kukokotwa na mamia ya Waafrika kwa kamba kutoka medani moja hadi nyingine. Ile ambayo ndege zilidhaniwa zimeinyamazisha ilipiga kelele miaka miwili zaidi bara. Mmoja wake uko Mombasa, nje ya Fort Jesus, na watoto hupanda juu yake kupigwa picha.