Sajini Meja wa Colito Naye Ana Jina

Ukianzisha hadithi za Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na mtu aliyezisoma, jina la kwanza atakalokutajia ni Nigel Leakey. Alizaliwa Kenya mwaka 1913, akiwa wa ukoo mmoja na Louis Leakey, yule mchimbaji wa mabaki ya kale kule Olduvai. Akawa sajini katika batalioni ya 1/6 ya King's African Rifles, akauawa Ethiopia tarehe 19 Mei 1941. Mwaka 1945 alitunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa vitani ya Waingereza. Nishani hiyo siigombei. Alistahili. Ninalogombea ni jinsi tunavyomsimulia kana kwamba siku ile alikuwa peke yake.

Addis Ababa ilikuwa imeanguka mwezi Aprili, na Haile Selassie alikwisha kurudi mjini, lakini Waitaliano walikuwa bado wanapigana huku kusini kwenye maziwa. Kampuni mbili za Keya zikavuka mto Bilate pale Colito chini ya mvua ya risasi. Kabla hawajajipanga vizuri, vifaru vikawajia, kimoja kikitokea nyuma yao. Leakey akakirukia kifaru hicho, akafungua mfuniko kwa nguvu, akawapiga bastola waliokuwa ndani. Alimwacha dereva tu, akamlazimisha kukiendesha hadi mafichoni. Alipojaribu kuutumia mzinga wake ukakataa. Akashuka, akapaza sauti kwamba vilivyobaki atavifuata kwa miguu.

Hapa ndipo wasimuliaji wengi hukimbia. Maelezo rasmi ya nishani yenyewe yanasema kwamba katika kuvivizia vifaru hivyo Leakey alifuatana na sajini meja wa kampuni, Mwafrika. Walikwenda katika uwanja ule ule uliokuwa ukifagiliwa na bunduki za rasharasha. Vifaru viwili vikapita. Leakey akaparamia cha tatu, akamuua mmoja wa waliokuwemo, ndipo kifaru cha nne kikamdungua.

Sajini meja, kwa cheo, alikuwa mkubwa wa sajini, ingawa katika jeshi la ukoloni rangi ilikipita cheo. Kuvamia kifaru kwa miguu si jambo la kumfuata mtu kwa sababu tu umeamriwa. Yule mzee alijua anachokifanya. Lakini karatasi ya London yenye maelezo hayo, iliyolitaja jina la Leakey na cheo chake, sajini meja ikampa cheo na rangi, basi. Hakuna askari Mwafrika wa Keya aliyewahi kupewa Victoria Cross. Kwa miaka mingi hata ile medali ya ushujaa waliyopewa ilikuwa ya kwao pekee, iliyotengwa na ya wazungu.

Hilo si la Colito tu. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vya kwanza, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa kwa majina, na huenda hawakukumbukwa kwa namna yoyote. Na hii haikuwa ajali ya karani aliyesinzia. Walioamua waliona kwamba mwenyeji hahitaji jiwe lenye jina.

Rafiki yangu mmoja hapa Nakuru huniambia niache: waliomtumikia King George wamtafute King George. Simkubalii. Wengine walisukumwa na kodi, wengine na machifu, wengine walitaka tu mshahara na kuona dunia. Lakini waliopigana Ethiopia walimng'oa mvamizi aliyewamwagia Wahabeshi gesi ya sumu miaka mitano tu nyuma. Katika vita vyote walivyopelekwa, hivyo ndivyo ningeona haya kidogo kabisa kuvisimulia mbele ya watoto.

Na sisi wenyewe tumefanya nini? Kule Vihiga na Kakamega hukosi boma lililokuwa na mzee wa kabuti la Keya, aliyerudi kutoka Bama (Burma) na saluti yake. Akizikwa, kabuti linagawiwa, medali inachezewa na wajukuu. Medali za Uingereza za vita vya pili kwa kawaida hazikuchongwa jina la mwenyewe, kwa hiyo ikishatoka kwenye sanduku lake, hata mtaalamu hawezi kukwambia ilikuwa ya nani. Kitabu chake cha askari, chenye namba, mara nyingi kilishawashia moto jikoni.

Tuna chuo cha maafisa wa jeshi hapa Lanet na makaburi ya vita hapo Gilgil. Ningependa kumuona mwalimu mmoja wa historia akiwapeleka wanafunzi wake Gilgil, kisha awatume nyumbani wakaulize majina ya babu zao, vikosi vyao na namba zao.

Ya sajini meja yenyewe yatahitaji safari ndefu zaidi. Daftari za kila siku za batalioni za Keya zimehifadhiwa Kew, London, na mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye ufadhili anaweza kuzifungua. Ila asianzie Kenya: 1/6 ilikuwa batalioni ya Tanganyika, na huenda wajukuu wanaotafutwa wako ng'ambo ya Namanga, wakijua tu kwamba babu yao alipigana na Mtaliano.