Pima Cheni Kabla ya Kuuliza Bei ya Sproketi

Mmiliki wa buldoza au ekskaveta huwa hahitaji kukumbushwa thamani ya injini. Hubadilisha oili kwa wakati, huchagua filta kwa uangalifu, na moshi ukibadilika rangi humwita fundi siku hiyohiyo. Andakareji, yaani mfumo mzima wa kutembelea wenye cheni, rola (magurudumu madogo yanayobeba mtambo juu ya cheni), aidla (gurudumu la mbele linaloongoza cheni) na sproketi (gurudumu la meno linaloivuta cheni), huachwa ikisaga tope na kokoto mpaka kitu kivunjike, ndipo simu ya kwanza ipigwe kwa muuza vipuri. Hali hii inashangaza ukikumbuka kwamba, kwa buldoza, sehemu hiyo hukadiriwa kumeza hata nusu ya fedha zote za matengenezo katika maisha ya mtambo. Msimamo wangu ni kwamba uamuzi wa kununua kipuri chochote cha andakareji uanzie kwenye vipimo vya cheni, na si kwenye kipuri kilichoharibika wala kwenye orodha ya bei.

Cheni inastahili kutangulia kwa sababu ndiyo inayoharibu wenzake. Tunasema cheni imerefuka, na kweli hurefuka, ila si kwa chuma kuvutika. Ndani ya kila kiungo pini hujisugua na bushi, yaani bomba fupi la chuma linaloizunguka, nafasi kati yao hupanuka kidogo kidogo, na umbali kutoka pini moja hadi inayofuata, ambao ndio pichi, huongezeka. Meno ya sproketi yamekatwa kwa pichi ya cheni mpya. Pichi ikiongezeka, bushi haikai tena kwenye shimo lake kati ya jino na jino, bali hupanda ubavuni mwa jino na kulila mpaka linachongoka. Mwenye mtambo huliona jino lililochongoka kwa macho, wakati pichi iliyoongezeka haionekani, kwa hiyo hununua sproketi na kuifunga kwenye cheni ileile. Sproketi hiyo mpya itachongoka upesi kuliko ile ya zamani, na lawama itamwendea muuzaji kwamba ameuza chuma laini. Kinyume chake ni ghali zaidi, kwa kuwa cheni mpya ikifungwa kwenye meno yaliyolika huanza maisha yake kwa kugongwa mahali pasipostahili.

Kupima si kazi ngumu. Mtambo uoshwe, pini ya akiba iwekwe kati ya jino la sproketi na cheni, kisha mtambo urudishwe nyuma polepole hadi cheni ya juu ikaze bila kulegea popote. Pima kwa utepe wa chuma kutoka ubavu wa pini moja hadi ubavu uleule wa pini ya tano, ukivuka viungo vinne, na uepuke eneo la pini kuu inayofungulia cheni kwa sababu hailiki sawa na nyingine. Ekskaveta nyingi za tani 20 hivi hutumia pichi ya milimita 190, kwa hiyo viungo vinne vya cheni mpya vitakupa milimita 760. Ukisoma 772, kila kiungo kimeongezeka kwa milimita 3, na hapo inafaa ufungue kitabu cha mtambo uone kikomo, kwa sababu kikomo chenyewe huwa ni milimita chache tu. Urefu wa kiungo kutoka kwenye kiatu (bamba linalokanyaga ardhi) hadi uso unaokanyagwa na rola, kipenyo cha nje cha bushi na kipenyo cha rola navyo vipimwe, kwa rula ya kina na kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo). Kipimo cha mara moja hukuambia ulipo. Vipimo viwili vilivyoandikwa pamoja na saa za kazi ndivyo vinavyokuambia kasi ya kulika, na ukishajua kasi unaweza kukadiria kikomo kitafikiwa lini bila kumtegemea mtu mwenye nia ya kukuuzia.

Kwa buldoza, vipimo hivi vinafungua njia nyingine ambayo wengi huikosa kwa kuchelewa. Pini na bushi hulika zaidi upande mmoja, kwa hiyo zinaweza kutolewa kwa mashine maalumu, kugeuzwa nyuzi 180 na kurudishwa, na cheni ikapata upande mpya wa kufanyia kazi. Sharti ni kwamba bushi iwe bado na unene wa kutosha. Ikishavuka kikomo cha kugeuzwa hupata nyufa, na nafasi hiyo haipo tena. Kwa ekskaveta sioni faida kubwa ya kazi hii, maana mtambo huo husimama mahali pamoja ukichimba muda mwingi, na mara nyingi cheni mpya ndiyo hesabu nzuri.

Je, kila kitu kibadilishwe kwa pamoja, kama wauzaji wengi wanavyoshauri? Hapana. Cheni na sproketi ndizo zinazotakiwa kuanza na kumaliza pamoja. Rola inaweza kubadilishwa peke yake sili yake, yaani kizuizi cha oili, inapovuja, ilimradi tofauti ya kipenyo na jirani zake si kubwa, kwa kuwa rola mpya iliyo nene katikati ya zilizolika itabeba uzito usio wake. Atakayezibadilisha azingatie mpangilio wa rola zenye ukingo mmoja na zenye kingo mbili, ambao umewekwa na mtengenezaji kwa makusudi na haubadilishwi kwa sababu tu stoo imebakiwa na aina moja. Aidla mara nyingi huishi kuliko cheni. Upo pia uamuzi ambao watu huuonea aibu bila sababu: mtambo unaokaribia kuuzwa au kustaafishwa, ambao mafundi wameukagua na kuona ni salama, unaweza kuachwa umalizie cheni na sproketi zake za zamani pamoja, bila kuongezewa kipuri kipya hata kimoja.

Sasa suala la vipuri vya mtengenezaji wa mtambo na vile vya viwanda vingine, ambalo huchukua muda mwingi kuliko linavyostahili. Viungo, bushi na rola hupewa ugumu kwa kupashwa joto kali na kupozwa haraka, na ugumu huo huingia milimita chache tu. Chini yake chuma huachwa kikiwa laini kiasi ili kisivunjike kwa kishindo. Tabaka gumu likiisha, kulika huenda kasi ghafla. Kipuri duni na kipuri bora hufanana siku ya kwanza, na hata kipima ugumu kinachogusa juu tu hakitakuonyesha kina. Kwa hiyo muulize muuzaji tabaka gumu lina kina gani, sili ni za aina gani, na dhamana ya kuvuja kwa oili ni ya saa ngapi za kazi. Asiyeweza kujibu maswali hayo, mimi simwamini, awe anauza boksi lenye jina kubwa au lisilo na jina. Sili zina uzito wa pekee kwenye cheni zenye oili ndani ya viungo, kwa kuwa kiungo kilichopoteza oili hulika kama cheni kavu, isiyo na oili. Fundi mwangalifu hukitambua kiungo hicho mtambo unaposimama baada ya kazi, kwa sababu ncha ya pini yake huwa na joto kuliko za jirani.

Kabla ya kulipa, oanisha kipuri na namba ya mfululizo ya mtambo na si modeli peke yake. Modeli moja inaweza kuwa na fremu fupi yenye viungo 45 na fremu ndefu yenye viungo 49 kwa pichi ileile, na mashimo ya boliti za viatu yanaweza kutofautiana hata pichi inapolingana. Kwa ekskaveta ndogo za cheni za mpira, upana, pichi na idadi ya viungo kwa kawaida huwa vimeandikwa kwenye mpira wenyewe, na tarakimu hizo zinatosha kuanzia.

Viatu ndipo pesa hupotea kwa tamaa ya kuonekana. Kiatu kipana humfurahisha mwendeshaji kwa sababu hakizami, lakini kwenye mwamba upana huo hugeuka kuwa wenzo unaokunja kiungo, kulegeza boliti na kuchosha pini kila mtambo unapokata kona. Chukua kiatu chembamba kuliko vyote ambacho bado kinaubeba mtambo juu ya ardhi ile bila kuzama. Kwenye uso wa kiatu, mbavu moja ndefu inafaa buldoza inayohitaji kushika ardhi ili isukume, na mbavu tatu fupi zinafaa ekskaveta inayogeuka mara kwa mara.

Vipuri vizuri kuliko vyote vitauawa na cheni iliyokazwa kupita kiasi. Mkazo urekebishwe kufuata kitabu, na urekebishwe mahali mtambo unapofanyia kazi, kwa kuwa tope likijaa kwenye sproketi hukaza cheni lenyewe. Anayelegeza afungue vali ya grisi inayokaza cheni, taratibu akiwa amesimama pembeni, kwa maana grisi iliyo kwenye shinikizo la juu inaweza kupenya ngozi. Ekskaveta isafiri sproketi zikiwa nyuma, na buldoza isirudishwe nyuma kwa mwendo mkali bila sababu, kwa sababu huko ndiko bushi zinakosuguliwa zaidi chini ya mzigo.

Boliti za viatu na za sproketi zinunuliwe mpya pamoja na vipuri, zikazwe kwa spana ya torki kwa kiwango cha kitabu, na zikaguliwe tena baada ya zamu za kwanza za kazi. Siku hiyohiyo ya ukaguzi, pichi ya cheni mpya ipimwe na iandikwe pamoja na saa za mtambo.