Kabla Hujang'oa Nepia

Ukipita mashamba makubwa ya Nakuru msimu wa kukata nyasi, marobota ya Boma Rhodes yaliyopangwa shambani yanatamanisha. Ndiyo maana wafugaji wengi wa Bungoma na Kakamega, wenye ng'ombe mmoja au wawili, wanauliza kama wang'oe nepia, nyasi ndefu yenye shina nene wanayolishia, wapande nyasi hiyo. Mimi naona wengi wao watajuta.

Sifa za Rhodes ni za kweli. Ni nyasi ya Afrika, na aina ya Boma inatoka katika utafiti wa Kitale, kwa hiyo nchi yetu inaijua. Shina lake jembamba hukauka upesi juani, ukalifunga na kulihifadhi hadi kiangazi cha Januari. Nepia haikaushiki hivyo: majani hunyauka huku shina nene likibaki na maji. Kuihifadhi ni kutengeneza sileji, yaani kuishindilia ikiwa mbichi na kuifunika isiingie hewa ili ichachuke, na sileji inataka karatasi ya plastiki, molasi na mikono ya kushindilia.

Lakini mbegu ya Rhodes ni nyepesi kama manyoya. Inataka shamba lililolainishwa kama la wimbi. Ukiifukia sana haioti, na magugu huisonga ingali changa. Utangoja kama miezi minne kabla ya kukata mara ya kwanza, na ng'ombe hangoji. Mmoja wa maziwa hula karibu kilo 70 za nepia mbichi kwa siku. Katika nusu ekari, nepia ya tumbukiza, ile ya mashimo yaliyojazwa samadi, ndiyo inayoweza kukaribia mzigo huo.

Kuna jambo ambalo wengi hawalihesabu. Nepia iliyopandwa kuzunguka shamba la mahindi katika kilimo cha vuta-sukuma, kilichoenezwa kutoka kituo cha Mbita cha shirika la utafiti wa wadudu la ICIPE, huwavuta nondo wa viwavi wanaotoboa mabua. Ukiing'oa, unaondoa mtego wa mahindi yako.

Upande wa pili una hoja moja nzito mno: ugonjwa wa kudumaa. Umejulikana Bungoma tangu miaka ya 1990, na huenezwa na mdudu anayefyonza majani pamoja na vipando tunavyopeana kwa wema juu ya ua. Majani huwa manjano na madogo, na kila ukikata, shina huchipua fupi zaidi hadi life. Inauma kuona mama aliyekuwa akikata mzigo kila asubuhi akianza kuokota nyasi kando ya barabara. Shamba likifikia hapo, sina la kumtetea nepia.

Kwa mwenye ekari tatu na ghala lisilovuja, Rhodes inafaa, mradi aikate inapoanza kutoa maua. Anayengoja irefuke ili apate marobota mengi anauza mabua, na maziwa ya mnunuzi yatapungua. Mwenye nusu ekari yenye nepia nzima ningemwambia aiache, ang'oe mashina yaliyougua na mizizi yake, kisha anunue marobota ya Januari mapema, mvua ikingali inanyesha na bei haijapanda.