Kwa Kazi Sawa, kwa Raha Hapana?

Hapa Malindi, msichana akipata kazi ya nyumbani Saudia au Oman, ukoo mzima humchangia. Ajenti mwenyewe hujulikana kwa jina moja na nambari ya simu, nyumba atakayofikia hakuna aliyewahi kuiona, lakini dua itasomwa, begi litafungwa kamba, mama atalia, na mtoto ataondoka. Peke yake. Sasa msichana huyo huyo aseme anakwenda Lamu kwa basi, kilomita 220 hivi, alale siku mbili atembeetembee kisha arudi. Nyumba nzima huamka. Na nani? Kufanya nini? Mahram wako ni nani?

Swali la mahram, yaani mume au ndugu wa kiume wa karibu wa kufuatana na mwanamke safarini, silidharau, ni la dini na wenye elimu wana kauli zao. Ninachouliza ni kwa nini linalala mshahara ukitajwa na kuamka raha ikitajwa. Saudia yenyewe mwaka 2019 ilimruhusu mwanamke aliyetimiza miaka 21 kuchukua pasipoti na kusafiri bila kibali cha mlezi wa kiume. Nilipomwambia ami yangu hivyo, alinijibu kwamba hayo ni mambo ya serikali za watu. Basi nikamuuliza kuhusu binti yake aliyeko Riyadh. Akaomba chai.

Mimi nimeshasafiri njia ya Lamu peke yangu, na sitawaambia kuwa ni mteremko. Wala sitakubali iwe hadithi ya kutishia watoto, maana wanawake wanaipita kila siku. Nenda stendi asubuhi uwaone: wa madira, wa leso, wa samaki wakavu, wa mitumba, kila mmoja na mafurushi yake. Hawa hakuna anayewauliza wako na nani, kwa sababu wana mzigo. Mwanamke mwenye mzigo ana udhuru, ila mwenye mkoba mdogo na kitabu ndiye mwenye kesi.

Mmoja wao ndiye aliyenifundisha njia. Mama wa makamo, anapeleka leso Witu, gunia moja chini ya miguu na jingine kwenye buti. Nilipomuamkia hakumaliza hata marahaba.

"Umefuatana na nani, mwanangu?"

"Peke yangu, mama."

"Haya, ingia kule dirishani. Huku nje nakaa mie."

Tulipopita Gongoni, kijana wa kiti cha nyuma alinigusa bega akitaka nambari ya simu. Nilijifanya sisikii. Baada ya Marereni akanigusa tena. Mama akageuka mwili mzima, kwa utaratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. "Nambari yake ninayo mimi. Nikupe?" Kijana akapatwa na usingizi uliomfikisha Garsen.

Mama huyo aliposhuka Witu alinikabidhi kwa mama mwingine aliyekuwa akiteremka mji mdogo wa Hindi, huko mbele: "Huyu anafika Lamu, muangalie." Wa Hindi naye akamuagiza makanga. Nikafika Mokowe, kwenye gati la bara panapopandiwa boti za kuvukia kisiwani Lamu, kama bahasha iliyopitishwa mkono kwa mkono. Ulinzi huu upo kweli, na hauna ofisi wala bango. Una bei yake lakini. Kabla hatujavuka Mto Tana nilikuwa nimeshaeleza kwa nini sijaolewa, nani alinikataa, na nani nilimkataa mimi. Ukitaka safari ya kimya, njia hii si yako.

Sasa shida. Watu hudhani kubwa ni usalama, na kweli usalama una historia yake huku. Baada ya shambulio la Mpeketoni la Juni 2014, mabasi ya Lamu yalikuwa yakienda kwa misafara, polisi mbele na nyuma. Siku hizi lami imefika Mokowe na safari imepungua urefu, ila vizuizi bado vipo: unateremka, unapanga foleni na kitambulisho mkononi, unaulizwa unakwenda kwa nani. Na Tana ikifurika, kama ilivyofanya mwishoni mwa 2023, barabara hukatika na ratiba yako yote huwa maneno matupu.

Lakini waulizeni wanawake wenyewe kinachowasumbua. Ni choo. Tangu jioni ya kuamkia safari wengi wetu hatunywi maji. Tunapanda basi na kiu, tunakaa na kiu kwenye joto la Garsen, tunafika na kichwa kinagonga, kwa kuogopa kumwambia dereva asimame mbele ya abiria wote. Wanaume wanateremka, wanatembea hatua chache wanaipa barabara mgongo, wamemaliza. Mwanamke aende wapi na buibui lake katika uwanda ule, kichaka kifupi kuliko yeye? Na basi linaposimama penye choo, mlango hauna komeo, maji hakuna, na mlangoni kuna mtu anadai hela. Ukiwa katika siku zako ndiyo balaa kabisa. Ukiwa na mwenzako angalau atakushikia mlango na kukulindia begi. Ukiwa peke yako, unaingia na begi, unaushika mlango kwa mkono mmoja, mengine Mungu anajua.

Watu watakushauri uvae pete ya uongo uonekane mke wa mtu. Huko kwingine sijui, lakini Lamu haifai. Ukisema umeolewa, swali la pili ni mumeo mtoto wa nani, la tatu ni nyumba ipi, na la nne atakuwa ameshapatikana binamu yake pale pale gatini. Sema ukweli, hutachoka sana.

Mji wa Lamu uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, na wageni wameuzoea kuliko tunavyodhani. Mzungu wa kike na begi lake mgongoni akitembea peke yake hadi Shela kwa njia ya pwani, hageukiwi na mtu. Binti wa Malindi akipita njia ile ile ataulizwa kama ameachwa. Nyumba moja ya wageni ilinikatalia chumba cha mtu mmoja: mhudumu alitazama kitambulisho, akanitazama mimi, akasema vimejaa, na Mjerumani aliyeingia nyuma yangu akapewa ufunguo. Nilipata chumba kwa bibi mmoja Langoni, aliyeniuliza jambo moja tu, kama nala pilipili.

Na raha? Raha ni kukaa ukutani na mkate wa mofa bila kumpimia mtu nusu. Ni kupotea vichochoroni, ukaibukia penye punda watatu na mzee anayekuelekeza kwa mkono ulioshika kofia. Malindi mimi ni binti fulani, dada wa fulani, yule aliyesoma na nani. Pale, kwa saa chache kabla hawajanitambua ukoo, nilikuwa mtu tu. Kaka zangu raha hiyo wanaijua tangu wana miaka kumi na sita na hakuna aliyewahi kuwaomba sababu.

Kwa hiyo ami zangu, nongwa mnaweza kuendelea nazo, lakini kama kweli ni usalama wetu mnaoutaka, kuna kazi ya kufanya. Nyinyi ndio wenye mabasi na nyinyi ndio mnaokaa kwenye mabaraza ya wenye mabasi. Mkata tiketi akiombwa na mwanamke kiti cha kukaa na mwanamke mwenzake, ampe bila kucheka. Basi lifike Mokowe mchana, boti za abiria zikiwapo, msituache gatini usiku tukipatana na boti ya kukodi. Na hapo mnaposimamisha basi, wekeni komeo mlango wa choo. Dukani linauzwa.